Kosa la Kutekenya Panya

Mume wangu analea panya. Si wale wa darini, hao hatuna uhusiano nao. Ni panya weupe wa maabara, arobaini kwa hesabu, wanaolala pazuri kuliko watoto wetu. Majirani walimpachika jina la Baba Panya, na mimi, bila kuulizwa, nikawa Mama Panya. Nilinuna miaka kadhaa, kisha nikazoea.

Bosi wake ni daktari mmoja mwanamke, mpole ila hana mzaha na kazi. Anachunguza vipokezi vya ubongo, vile vinavyoshikwa na dawa za jamii ya afyuni. Baba watoto alinieleza huku akimenya vitunguu: "Kipokezi kimoja kikishikwa, mnyama anaona raha. Kingine kikishikwa, anaona karaha tupu, anatamani aondoke pale alipo."

Wanapima kwa sanduku la vyumba viwili, kimoja cha mistari, kingine cheupe. Panya anachomwa dawa ya karaha, anafungiwa kwenye mistari. Siku ya pili anachomwa maji ya chumvi tu, anakaa kwenye cheupe. Baada ya siku kadhaa mlango wa katikati unafunguliwa, bila sindano, achague mwenyewe. Anatakiwa aikimbie mistari.

Hawakuikimbia. Mmoja baada ya mwingine aliingia mle na kujilaza kama yuko kwao. Daktari akakagua dawa, akakagua mizani, akakagua mpaka balbu. Kazi ya miezi minane ilikuwa inaota mbawa, na wiki nzima hakula mchana.

Mume wangu naye hakula jioni. Nikambana.

"Una nini wewe?"

"Mama watoto, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nilikuwa nawatekenya."

Kumbe akiwaona wamejikunyata baada ya sindano, roho inamuuma, basi anapenyeza mkono na kuwatekenya tumbo mpaka muda uishe. Siku ya maji ya chumvi hawagusi, maana ni wazima. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikayaona macho yake, nikaacha. Akisema, kazi inaweza kumponyoka, na kazi nyingine hajui. Asiposema, daktari ataandika uongo bila kujua.

"Kaseme," nikamwambia.

Akaenda, akasema. Daktari alimtazama, akavuta kiti, akakaa.

"Mzee wangu," akamwambia, "ubongo una afyuni yake wenyewe. Huenda mkono wako ndio ulioifungulia."

Hakumfukuza. Wangeanza upya na panya wengine, na safari hii yeye angefunga kifuniko na kutoka, basi. Alikubali haraka, nami nilimshukuru Mungu kwa sauti. Siku zote za sindano aliketi nje ya mlango, mikono mifukoni.

Juzi alirudi mapema.

"Wamekichukia kile chumba," akasema. "Karibu wote. Daktari amefurahi, kanipa mkono."

"Hongera, baba watoto!"

"Asante." Alikaa kitini bila kuvua viatu. "Ila wale nimewalea mimi, wananijua. Kila nilipofunga kifuniko walikuwa wananiangalia."

Mimi na mdomo wangu huu wote, nikainama, nikaanza kumvua viatu.