Klachi ya Mama Pacha

Kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya wanafunzi wake, Polepole alifanya kazi akiwa ameketi kwenye kiti kisicho na usukani. Alikuwa mwalimu wa udereva. Gari la shule lilikuwa na pedali pande zote mbili. Upande wa mwanafunzi zilikuwapo za klachi, breki na mafuta. Upande wa mwalimu klachi na breki tu, maana mwalimu hana haja ya kuongeza mwendo. Jina alipewa na wanafunzi, kwa kuwa ndilo neno alilolisema kuliko mengine yote, na alilisema kwa sauti ileile, awe mwanafunzi anaelekea mtaroni au anaegesha vizuri.

Nusu ya madereva wa mji walipita mikononi mwake. Wakimkuta barabarani walimpigia honi ya salamu, naye badala ya kuwatazama usoni alitazama jinsi walivyoshika usukani.

Mtu mmoja tu alimshinda, naye ni mkewe. Mama Pacha alikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye wagonjwa wakorofi walimwogopa bila kujua kwa nini. Polepole alijaribu kumfundisha udereva wakati pacha wao walipokuwa wadogo. Tatizo, alivyosema yeye, ni kwamba mkewe alikuwa anajibu kabla hajaambiwa. Ukifungua mdomo umwambie akate kushoto, ameshasema amesikia. Mama Pacha naye alisema tatizo ni kwamba mumewe alikuwa anamtajia vitu ambavyo hata kipofu angeviona. Somo la mwisho lilikatikia kwenye taa za barabarani. Mama Pacha alishuka, akafunga mlango taratibu, akachapa mguu kwenda nyumbani. Kwa sababu ya foleni, alifika kabla ya gari. Suala hilo halikuzungumzwa tena.

Kisha mwenye shule akanunua magari mapya yasiyo na klachi. Alimwita Polepole ofisini, akampa soda baridi, akamshukuru kwa maneno mazuri, na mwisho akamkabidhi ufunguo wa gari lile la zamani liwe zawadi ya kumuaga. Lilikuwa la manjano, na juu ya paa lilibeba kibao kilichoandikwa MWANAFUNZI, ambacho hakikutoka kwa sababu bolti zake zilishaoza na kushikana na bati. Polepole alilipeleka nyumbani, akaliegesha uani.

Tangu hapo kila asubuhi, akishamaliza chai, alikwenda kukaa ndani ya gari. Alikaa kiti cha mwalimu. Mama Pacha alimwona kupitia dirisha la jikoni wakati akijiandaa kwenda kazini. Alimpigia simu kaka yake.

Kaka mtu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na watu walimwita Nyundo. Ndiye aliyefunga zile pedali za mwalimu gari lilipokuwa jipya. Alikuja Jumamosi na habari ya mbio za magari mabovu. Ziliandaliwa kwenye uwanja wa kiwanda cha saruji kilichofungwa, ambako malori yalikuwa yameacha njia pana ya kuzunguka majengo. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba gari lisizidi bei ya friji mpya. Sharti la pili, ukiharibikiwa unatengeneza palepale, kwa chochote ulicho nacho. Mnaanza asubuhi, mnamaliza jua likizama, na aliyezunguka mara nyingi zaidi ndiye mshindi.

Polepole aliuliza kama kuna kikomo cha mwendo. Nyundo akasema hakuna. Akauliza kuhusu alama za barabarani. Hakuna. Polepole akasema huo ni upumbavu, tena wa hatari, na akamkaribisha shemeji yake chakula.

Siku ya pili, wakiwa wawili mezani, alimwambia mkewe huku akitazama sahani.

"Maisha yangu yote nimekaa kiti cha pembeni. Nataka siku moja nikae cha usukani mpaka jua lizame."

Mama Pacha aliendelea kumenya chungwa. Akasema kama gari litawashwa uani, basi kwanza amtolee nguo kwenye kamba, maana lile gari linatoa moshi.

Siku ya mbio walifika mapema, Polepole akiwa amevaa shati la kazi na tai. Kulikuwa na gari lililopakwa mabaka kama ng'ombe, jingine lililofungwa sofa mahali pa kiti cha nyuma, na timu ya wauza matairi ambayo gari lake ndilo lililokuwa na matairi mabovu kuliko yote. Mama Pacha alichagua sehemu yenye kivuli, akaweka kiti cha plastiki, chupa ya chai na gazeti.

Filimbi ilipopulizwa, magari yote yaliondoka isipokuwa moja. Polepole alirekebisha vioo, akawasha taa ya kuonyesha kwamba anaingia barabarani, akatazama nyuma, akaingia. Mtangazaji mwenye kipaza sauti aliwaambia watazamaji kwamba gari la manjano linaomba ruhusa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alipolipita gari la kwanza, baada ya muda mrefu, alionyesha taa tena, na wakacheka tena.

Lakini kadiri jua lilivyopanda ndivyo magari yalivyopungua. Wenye haraka walichemsha injini au waligongana. La wauza matairi liliungua lote, nao wakasimama kando wakilitazama kama watu wanaoota moto. Polepole na Nyundo walipokezana usukani, na gari la manjano likaendelea kuzunguka, ingawa si kwamba halikuwa na shida. Bomba la moshi lilidondoka. Nyundo akaliganga kwa kopo la maziwa na waya. Tanki likavuja, akalisugulia kipande cha sabuni ya kufulia mpaka tundu likaziba. Mkanda wa feni ulipokatika alizunguka akiuliza watu kama wana mkanda, kisha akaenda kusimama mbele ya dada yake, akimtazama miguuni. Mama Pacha alimtazama, akaingia nyuma ya ukuta wa kiwanda, akarudi na soksi zake ndefu za kazini mkononi. Nyundo alizisokota, akazifunga fundo, na feni ikazunguka.

Ilikuwa alasiri kebo ya klachi ilipokatika. Polepole aliliburuza gari mpaka kwenye banda walilopewa la matengenezo, kwa gia ileile iliyokuwa imeingia. Nyundo alijaribu kebo ya breki ya baiskeli, ikakatika kabla gari halijamaliza hata mzunguko. Ndipo alipokumbuka kwamba klachi ya mwalimu aliipitishia kebo yake ya peke yake. Ilikuwa nzima, kwa sababu Polepole hakuwa mtu wa kukanyaga ovyo. Kuihamishia upande wa dereva haikuwezekana, ilikuwa fupi. Kilichotakiwa ni mtu wa kukaa kiti cha mwalimu na kukanyaga.

Msimamizi wa mbio, mama mmoja mrefu mwenye filimbi shingoni, alikuja kukataa.

"Abiria haruhusiwi," alisema.

"Huyu si abiria, mama," Polepole akamjibu. "Huyu ni klachi."

Msimamizi alifikiri. Akauliza kama kiti kina mkanda. Kilikuwa nao. Akasema basi klachi ivae kofia ngumu. Wauza matairi wakatoa ya kwao, kwa kuwa hawakuwa na haja nayo tena.

Wa kwanza kukaa alikuwa Nyundo. Walizunguka mara moja tu. Kila walipokaribia kona Nyundo alikanyaga klachi kama alivyoagizwa, na kwa mguu wa pili akakanyaga breki, ambayo hakuagizwa. Polepole alirudi bandani, akamwambia atoke. Nyundo alitoka amelowa jasho, akakiri kwamba hakujua kile kiti kinatisha kiasi hicho, na kwamba kuanzia leo anamheshimu shemeji yake upya.

Polepole akaenda kwenye kivuli.

"Mama Pacha, naomba mguu wako."

Mkewe alikunja gazeti. "Nikanyage lini?"

"Nikisema. Na breki usiiguse."

"Sawa," alisema, kwa upole uliomtia mumewe wasiwasi.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa kelele. Kabla Polepole hajasema klachi, klachi ilikuwa imeshakanyagwa, na mkono wake haujafika kwenye gia. Gia zilisaga kama mashine ya kahawa. Alimwambia asubiri. Mama Pacha akasema anasubiri. Kwenye kona iliyofuata ilikuwa vilevile, na Polepole, bila kuondoa macho barabarani, akamuuliza amejuaje kwamba sasa hivi anataka kubadili gia.

"Unavuta pumzi," alisema mkewe. "Hata nyumbani huwa unavuta pumzi kabla hujaanza kulalamika."

Polepole hakujua kwamba ana tabia hiyo. Alizunguka nusu ya uwanja akijisikiliza, na ni kweli, alikuwa anavuta pumzi, kwa pua, kila mara. Miaka yote hiyo alikuwa akitoa taarifa bila kujua. Basi akaacha kusema. Alipovuta pumzi mkono wake ulikuwa tayari kwenye gia, klachi ikashuka, gia ikaingia kama kisu kwenye siagi. Wakazunguka hivyo, na mwendo ukaongezeka. Walilipita gari la sofa. Wakalipita jingine, na safari hiyo Polepole akasahau kuonyesha taa, jambo lililomsumbua kwa muda.

Jua lilikuwa limeshuka usawa wa paa la kiwanda walipoingia kona ya nyuma, iliyo nyembamba kuliko zote, wakilifuata lile gari la ng'ombe. Gurudumu lake la nyuma likachomoka. Lilibingirika kwanza kwenda pembeni, likagonga ukuta, likarudi, huku gari lenyewe likigeuka na kusimama kwa ubavu katikati ya njia. Polepole aliliona lote hilo vizuri kabisa. Mikono ilikuwa kwenye usukani, mguu ulikuwa kwenye mafuta, na hakuna kilichosogea. Kwa miaka mingi, hatari ikifika hapo, alikuwa na pedali ya breki chini ya mguu wake mwingine, upande wa kiti cha mwalimu. Mguu ule sasa haukuwa na kazi, na huu wa kwenye mafuta haukujua kazi yake.

Gari likasimama. Lilisimama kwa kishindo, kibao cha MWANAFUNZI kikang'oka kwenye bolti zake na kurukia mbele ya boneti, likabaki limeachana na gari la ng'ombe kwa nafasi ambayo ungepitisha mkono kwa shida. Dereva wa ng'ombe aliwatazama kupitia dirisha lake. Akawapungia.

"Nilikwambia usiguse breki," Polepole alisema.

"Ulikuwa huikanyagi."

Alitaka kujibu. Alivuta pumzi, mkewe akakanyaga klachi, na kwa kuwa klachi ilikuwa imekanyagwa, ilibidi aweke gia. Waliondoka, wakalikwepa gari la ng'ombe, wakaendelea.

Jua lilipozama na bendera kushushwa, walikuwa wa katikati, nafasi isiyo na zawadi. Walioshinda ni timu ya wachomeleaji vyuma, waliopewa kikombe kilichotengenezwa kwa pistoni kuukuu, wakakikagua kwanza jinsi kilivyochomelewa kabla ya kufurahi. Nyundo alilibusu boneti la gari la manjano, akaunguza midomo. Watazamaji waliokuwa wakicheka asubuhi walikuja kuangalia soksi.

Polepole alizima injini lakini hakushuka. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Mama Pacha alivua ile kofia ngumu, nywele zikiwa zimelala upande mmoja.

"Kikoje hicho kiti?" aliuliza.

Polepole alifikiri kwa uangalifu, kama anayeulizwa swali la mtihani. "Kinachosha," alisema. "Lakini unaiona njia yote." Kisha akasema, "Mikono yangu haijaacha kutetemeka tangu pale konani."

"Najua. Ndiyo maana bado nimekaa."

Walikaa mpaka mikono ilipotulia. Nyundo aliyekuwa na kamba ya kuvutia gari alitaka kuwaharakisha, akawatazama, akaenda kujitia kukusanya spana ambazo alikuwa ameshazikusanya.

Nyumbani, Mama Pacha alipovua kiatu, kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba kama andazi. Polepole aliweka maji ya moto na chumvi kwenye beseni, akampelekea sebuleni, akachuchumaa kumkanda. Hakuwa fundi wa kukanda. Mkewe alimwelekeza mara kadhaa akande wapi, na mara zote alimwambia polepole. Yeye akajibu amesikia, kabla hajaambiwa lote.

Jumatatu Mama Pacha alikwenda zahanati amevaa kiatu mguu mmoja na ndala mguu wa pili. Wenzake walimuuliza kulikoni. Akawaambia ameteleza kwenye ngazi, kwa sababu ukweli ungechukua muda, na foleni ya wagonjwa ilikuwa imeshafika mlangoni.