Kirikuu ya Fransiska na Benchi za Mama Yusuph

Fransiska hapendi kuambiwa subiri. Mimi nashona nguo pembeni ya stendi ya Katesh tangu cherehani yangu ikiwa mpya, na nimeona watu wengi wakiambiwa subiri na ofisi, wakasubiri mpaka wakasahau walifuata nini. Yeye ukimwambia njoo kesho, kesho yake utamkuta mlangoni kabla hujatoa funguo mfukoni.

Labda alizaliwa hivyo, ila sisi tulianza kuuona ubishi huo baada ya tope. Kabla ya hapo alikuwa na kibanda cha chakula kule Jorodom, cha mbao na bati, chenye maua kwenye makopo ya rangi. Asubuhi ile ya Desemba mlima ulipoachia tope likafunika makazi, yeye na binti yake Judica walikuwa wamelala kwa dada yake, Gendabi. Waliporudi hawakukuta hata mahali pa kusimama waseme hapa ndipo kilipokuwa. Watu walimshauri ajenge tena. Akasema hajengi, na kuanzia siku hiyo mali yake yoyote itakuwa na matairi.

Tulidhani ni uchungu tu unaongea. Mwaka uliofuata akatokea na kirikuu, kile kigari kidogo cha kubebea mizigo, kimechoka kama mwenye nacho alivyokuwa amechoka. Fundi wa kuchomelea akaikata ubavuni, akaiwekea dirisha la kufungulia juu. Ndani kukawa na jiko la gesi, pipa la maji lenye koki na mtungi wa kuzimia moto. Akaiegesha stendi, akaanza kuuza ugali na maharage, na siku za mnada anakaanga kitimoto, nyama ya nguruwe.

Shida ni kwamba sheria ndogo za mji hazikujua kitu cha namna hiyo. Kibanda zilikijua, hoteli zilizijua, machinga zilimjua vizuri sana. Gari linalopika halikuwemo. Wakamfukuza, akarudi. Wakamfukuza tena, akarudi na barua ya kuomba aruhusiwe. Mwisho ukaitishwa mkutano wa wafanyabiashara wa stendi, na aliyesimama kumpinga kwa nguvu kuliko wote ni Saumu, tunayemwita Mama Yusuph, mwenye hoteli ya chai na chapati iliyopakana na chumba changu. Alisema yeye analipa pango mvua na jua, halafu mtu anakuja na gari, anachukua wateja wa mchana, jioni anawasha anaondoka zake. Sikuona kosa katika maneno hayo. Nadhani hata Fransiska hakuliona, maana alisikiliza mpaka mwisho bila kubisha, jambo ambalo si la kawaida yake.

Uamuzi ukawa wa katikati. Magari ya chakula yaruhusiwe stendi kwa majaribio. Yawe na maji, pipa la taka na mpishi aliyepimwa afya. Na yasiweke kitu chochote chini: si meza, si benchi, si turubai. Mteja apokee chakula chake, ale, aende. Msimamizi atakuwa bwana afya, Nicodemo, na atakayevunja sharti ananyang'anywa kibali.

Aliyetunga sharti hilo la mwisho sijui alikulia wapi. Mzee wa huku hawezi kula amesimama. Chakula kinakaliwa, tena kwa utulivu, na mzee akitafuna wima katikati ya stendi hata wajukuu zake watamshangaa. Siku ya mnada wa kwanza, makondakta na vijana wa bodaboda walikula wameegemea gari, hawana habari. Wazee wakaja, wakanusa, wakapokea sahani, kisha wakaanza kuangaza macho huku na huku wakitafuta pa kukaa.

"Mwanangu, umepika vizuri," mmoja wa Gendabi alimwambia akirudisha sahani ikiwa imejaa. "Lakini mimi si punda, nile nimesimama."

Fransiska alivumilia hivyo hivyo, sahani zinarudi, mpaka alipokuja bibi mmoja kutoka Hirbadaw mwenye goti bovu. Hapo akateremsha benchi. Nicodemo hakuwa mbali. Si mtu mbaya, na alisema naye kwa upole, lakini alichosema kilikuwa wazi: mnada ujao akikuta mteja amekaa kwenye benchi la gari, kibali hakuna tena.

Nilimshauri aende akamlilie diwani. Alifunga dirisha la kirikuu, akavuka moja kwa moja kwa Mama Yusuph, yule yule aliyempinga. Nikamfuata nikijifanya nataka chapati, maana umbea wangu sifichi.

Alimwamkia shikamoo, akapewa marahaba ya baridi. Akaeleza haja yake. Benchi za hoteli zikishapita saa za chai ya asubuhi zinabaki tupu, na yeye ana wateja wasio na pa kukaa. Wakae hapa na sahani zao, wanywe na chai ya hapa. Mama Yusuph aliendelea kukanda unga kana kwamba hajasikia.

"Benchi zangu hazijawahi kukaliwa na mtu anayekula nguruwe," alisema mwishowe.

"Nitaacha kuipika."

"Na masufuria uliyopikia?"

Masufuria yale alikuwa ameyapata moja moja tangu tope, na kila moja ukimuuliza atakwambia lilitoka wapi. "Nitatafuta mengine," alisema.

Mama Yusuph akasema ataona. Basi. Nilikasirika kwa niaba ya mwenzangu, kwa sababu ataona si jibu, na kitimoto ndiyo iliyokuwa ikimleta nusu ya watu dirishani pale. Lakini Fransiska kesho yake alibeba masufuria na karai, akayapeleka kwa dada yake Gendabi. Akatafuta mengine, mapya. Nyama akaanza kuchukua bucha ile ile anakonunua Mama Yusuph. Wale wa kitimoto walikuja, wakauliza, wakaondoka wakimcheka.

Siku ya mnada ikafika naye hajapewa neno. Wazee walipopokea sahani, aliwaonyesha hoteli ya jirani kwa kidevu. Mama Yusuph alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwakaribisha, lakini alisogea pembeni wakapita. Wakakaa, wakaagiza chai.

Nicodemo alipotokea, aliangalia chini ya gari na kuzunguka pande zote, hakukuta kitu. Kisha akaziona sahani mapajani mwa wazee. Akauliza kama hao si wateja wa gari. Fransiska alifungua mdomo, lakini mwenzake alimtangulia.

"Wamekaa kwangu," alisema Mama Yusuph. "Hao ni wageni wangu."

"Lakini mama, sahani ni za kwake."

"Sahani nitaziosha mimi. Kama unaandika, andika hivyo."

Nicodemo aliwatazama wanawake wale wawili, akawatazama wazee ambao hata hawakuacha kula, akafunga kalamu. Alisema haoni sharti lililovunjwa, na kwamba majaribio yanaendelea.

Fransiska alishuka kwenye gari, akaenda kumshika Mama Yusuph mkono kwa mikono yake yote miwili. Machozi yalikuwa karibu, kwake na hata kwangu, nisiseme uongo.

"Usinishukuru," Mama Yusuph alimwambia. "Nilisema utanichukulia wateja, na mpaka leo naogopa. Lakini uliyatoa masufuria kabla sijakupa neno, na hilo nililiona." Akautoa mkono wake, akaanza kukusanya vikombe. "Kesho ukija pitia sukari, si una gari wewe. Yangu wazee wako wameimaliza."