Mtumbwi Nilioupiga Sabuni

Juzi nimerudi kwetu Mabawe, nikaukuta mtumbwi wa bibi umetupwa nyuma ya banda la mbuzi. Si wa kuvulia samaki, rafiki yangu. Ni gogo lililochongwa, la kuchachushia pombe ya ndizi. Nikajikuta nimeziba pua kabla sijaufikia. Mazoea hayo.

Maana ulikuwa unanuka, Mungu wangu! Baba zangu wadogo walikanyaga ndizi mbivu kwa miguu, nyasi na jasho humo humo. Bibi akamimina juisi, akafunika kwa majani ya mgomba, kesho yake povu la kijivu limejaa vinzi. Ndani mlikuwa na utando wa mashapo ya miaka, na bibi hakuuosha hata siku moja.

Halafu mwalimu wa sayansi akaniharibia kabisa. Alisema Wazungu waliupa uchachushaji jina kutoka neno la Kilatini la kuchemka, kwa sababu ya yale mapovu yanayotoka bila moto. Kumbe hakichemki kitu: ni hamira, ndugu wa ile ya maandazi, vijidudu vinavyokula sukari kisha vinatoa hewa na kileo.

"Vinatolea wapi?" nikauliza. Darasa zima likacheka. Mchana ule sikula.

Wiki hiyo hiyo watu wa Kirushya walikuwa waje kumposa shangazi, na kwetu kupokea posa bila pombe ni matusi. Bibi alipoenda shambani, nikaumwagia mtumbwi maji ya moto, nikausugua kwa sabuni ya kufulia hadi mti ukang'aa. Nilijiona nimeokoa ukoo.

Juisi ikamiminwa. Siku mbili, kimya, tamu vile vile. Shangazi akalia. Bibi akanusa, akanigeukia.

"Umeosha? Umeniulia pombe, we mtoto!"

Akaenda kwa jirani ambaye walikuwa hawasemeshani naye tangu masika, akampigia magoti, akarudi na kibuyu cha mashapo meusi yenye nzi waliozama. Akayamwaga yote mle. Kesho yake povu likafurika. Wageni wakanywa, wakapangusa midomo, posa ikapokelewa. Mimi nikatapika migombani.

Shangazi sasa ana wajukuu, bibi hayupo, na pale nyumbani wananunua pombe ya chupa. Nikauinamia mtumbwi, nikaachia pua. Mvua imeuosha kuliko mimi. Nikaingiza kichwa kizima, nikanusa hadi kwenye nyufa, nikiutafuta ule uvundo ulionitapisha, hata kidogo tu. Wapi!