Pikapu ya Mnada wa Kompyuta

Ndani ya gari tulikuwa wanne. Usukani alishika mkwe wangu. Kando yake alikaa mkewe, binti yangu wa pili, mjamzito, tumbo limeshashuka. Nyuma yao tulikaa mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Majina yao ninayo yote, ila siyaandiki. Walio hai watanisamehe na waliolala nawaachia usingizi wao.

Tulikuwa tunatoka Iyula kwenda ibada ya mavuno Mbozi Mission. Kwenye bodi tulipakia ndizi, viroba vya mahindi na sadaka za majirani. Pikapu yenyewe ilikuwa ngeni nyumbani. Mkwe wangu aliinunua akiwa Tunduma, kwenye mnada wa kompyuta. Gari liko ng'ambo, wewe unaona picha, unabonyeza bei, na mwingine usiyemjua anabonyeza kukupita.

Mimi shule niliishia darasa la pili, na mnada ninaoujua ni wa kanisani. Mzee wa kanisa ananyanyua kuku wa sadaka, watu wanapandishiana bei kwa vigelegele. Pale humpapasi kuku. Ukiuliza kama ni mzima, umemwaibisha aliyemtoa. Mkwe wangu amekulia humo, na adabu ile akaenda nayo kwenye kompyuta. Jirani yake, mfanyabiashara Mwislamu aliyehamia Tunduma kutoka Singida, alikuwepo siku hiyo mkwe akibonyeza. Mkwe alitusimulia njiani huku anacheka.

"Akaniambia, 'Jirani, waombe picha za chini ya gari.' Nikamwambia, 'Sasa jirani, mtu ananiuzia kwa heshima zake, mimi nimchungulie uvunguni?'"

Tukacheka wote. Kisha tukateremka kilima kidogo, nikaona goti lake linapanda na kushuka, anakanyaga mara nyingi kwa kusimama kumoja. Kwetu mama mkwe hasemezani na mkwe wake ana kwa ana. Neno linapita kwa binti.

"Mwambie mwenzio gari linachelewa kusimama."

"Mama anasema gari linachelewa kusimama."

"Mwambie mama breki za kisasa ni laini. Siyo yale malori ya kahawa, ukanyage mpaka paja liume."

"Laini kama uji," wifi akadakia. "Wewe wifi umezoea kurushwarushwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ukipata starehe unaogopa."

Mkono wangu ulishika kiti cha mbele na haukukiachia.

Mteremko mkubwa ulipoanza, ule unaoishia kwenye daraja lisilo na kingo, nilisikia kitu kinakatika chini ya miguu yetu. Sauti ndogo tu. Mguu wa mkwe ukazama mpaka sakafuni, akaunyanyua, ukazama tena.

"Haishiki," akasema.

Alisema taratibu, kama mtu anayejisemea. Ningependa angepiga kelele. Gari likazidi kukimbia, viroba vikasukuma kutoka nyuma, binti yangu akakumbatia tumbo kwa mikono miwili. Daraja nikaliona jembamba kama ubao. Mimi adabu ikanitoka.

"Mwanangu, lipeleke kwenye kahawa! Kwenye kahawa!"

Akakata usukani. Tukapanda ukingo wa barabara, miti ya kahawa ikavunjika mbele yetu mmoja baada ya mwingine, wifi akimwita Yesu, mpaka gari likalala kwenye tuta likatulia.

Mwenye shamba alikuja na jembe mkononi akifoka, "Kahawa yangu! Kahawa yangu, nyie watu!" Alipoona tumbo la binti akatupa jembe, akavua kitenge chake cha juu akakitandika. Tukamlaza.

"Anacheza?" nikamuuliza.

"Sisikii, mama."

Nikaweka kiganja. Kimya. Mkwe wangu aliingia chini ya gari, nadhani hakuweza kututazama. Akatoka na kipande cha bomba la breki, kimeliwa na kutu kama bua la mwaka jana, juu kimepakwa rangi nyeusi kikang'aa. Akakishika tu. Hakuna aliyemwangalia, tulikuwa tunaangalia tumbo. Wifi alisali, akaishiwa maneno, akaanza upya. Mimi sikuweza kusali. Nilikuwa nasikiliza kwa kiganja.

Ndipo nikapigwa teke. La upande, dhaifu, kisha jingine lenye nguvu. Binti akaanza kulia kwa sauti, na mumewe akakaa chini palepale, kwenye kahawa iliyovunjika, bomba bado mkononi.

Wifi husema teke la kwanza lilikuja tukiwa bado ndani ya gari. Mimi nakumbuka ni juu ya kitenge, na nakumbuka ule muda wa kungoja. Lakini hofu huchanganya mambo. Kama ulikuwepo, au mama mwenye shamba alikusimulia tofauti, nisahihishe.