Nane za Shangazi Rahma

Ukilifungua kasha la marehemu Bibi, kwanza unapigwa na harufu ya udi. Kisha, ukizifukua kanga mpaka chini kabisa, inakuja harufu nyengine, ya wino na karatasi nyembamba iliyokaa miaka. Hayo ni magazeti yangu matatu ya Kijapani. Mwezi uliopita niliyatoa yapate upepo, na wallahi nilikaa pale sakafuni, kanga mapajani, nikarudi kuwa na miaka tisa.

Nikwambieni yalivyofika kwetu Ibra, Omani. Baba alikuwa dereva wa kampuni moja huko Sur, mji wa pwani, akirudi nyumbani kila Jumatano, maana siku zile mapumziko yetu yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Mjapani mmoja, fundi wa mitambo, alikuwa anahama kurudi kwao, akampa Baba boksi: mwavuli, sufuria ya umeme ya kupikia wali, na magazeti matatu ya michezo ya video. "Mpe mwanao," alimwambia. Sisi hata huo mtambo wa kuchezea hatukuwa nao. Lakini mimi niliyapokea kwa mikono miwili. Nilipoona yanafunguliwa kutoka kulia, kama vitabu vyetu vya Kiarabu vya skuli, nikajua hapohapo kuwa Wajapani ni watu wa maana.

Sikuweza kusoma hata herufi moja. Zilikuwa kama nyumba ndogondogo zenye madirisha. Ukurasa nilioupenda ulikuwa na picha za michezo, na kando ya kila mchezo vichwa vinne vilivyochorwa, kila kichwa na namba yake. Baba alikuwa ameelezwa na yule fundi ndani ya gari, naye akanieleza mimi.

"Hawa wanne wanaucheza mchezo mmoja, kila mtu kivyake. Kisha kila mtu anatoa namba, mwisho kumi. Ukizijumlisha, mwisho arubaini."

"Na wasipokubaliana?"

"Basi hawakubaliani. Zinachapwa zote nne."

Nilibaki mdomo wazi. Nyumbani kwetu Babu akisema chai ni tamu, chai ni tamu, hata kama sukari imesahauliwa. Sasa hapa kulikuwa na mchezo uliopewa tisa, tisa, tisa, halafu mtu mmoja mwenye kofia nyekundu kaupa nne. Peke yake! Niliingiwa na huruma naye, nikahisi bila shaka kagombezwa, pengine kafukuzwa kazi. Nikakimbilia gazeti la pili. Yupo, na kofia yake. La tatu, yupo vilevile, na safari hii kaupa mchezo mwengine tano. Sikumbuki kama nimewahi kustaajabu vile tena maishani mwangu.

Basi nikaanzisha letu. Kila Ijumaa baada ya chakula nilikata vikaratasi vinne kutoka daftari la hesabu, nikawapa Babu, Bibi, Baba na Shangazi Rahma. Mama alikuwa nje ya baraza hilo kwa kuwa ndiye aliyepika. Kila mtu aliandika namba yake kwa siri, akakunja, akatia ndani ya bakuli tupu la halwa, nami nikasoma kwa sauti. Walicheza kunifurahisha, lakini baada ya wiki mbili tatu nikawa naona Babu anatafuna polepole, anafikiri. Bibi hakuwa na huruma. Mchuzi wa papa aliupa tatu.

"Chumvi yote ya Sur imo humu," alisema.

"Na sahani yako mbona nyeupe, Bi mkubwa?" Mama alimjibu. "Umeilamba?"

Shangazi Rahma, mdogo wake Baba wa mwisho, alitoa nane. Wali ukiungua, nane. Biriani la Idi, nane. Aliiandika kwa Kiarabu, kama paa la nyumba, na mimi ilinikera. "Shangazi, hujui kazi," nilimwambia siku moja. "Mtu wa nane kila siku gazetini hawamuweki." Alicheka tu, akanisuka nywele.

Mwaka ule alikuwa amemaliza skuli, kapata nafasi ya kusomea ualimu chuoni Nizwa. Barua aliiweka chini ya mto wake, na mimi niliyelala naye chumba kimoja nilimuona akiifungua na kuikunja mpaka mikunjo ikaanza kuchanika.

Ndipo ilipokuja posa, kutoka mji wa Jalan Bani Bu Ali. Watu wema, wenye mashamba ya mitende. Mama yake mposaji aliisifu nyumba yetu, akasifu kahawa yetu, kisha akasema kwa upole kabisa, "Kusoma tena kwa nini? Nyumba yetu ina kila kitu." Babu aliahidi kuwapa jibu siku ya Ijumaa.

Ijumaa hiyo, baada ya chakula, Babu alimuuliza binti yake. Shangazi Rahma akatazama mkeka.

"Kainama," Bibi alisema. "Karidhika huyo. Mpigie simu baba wa kijana, usiwaweke watu."

Babu akanyoosha mkono kuchukua simu. Na mimi, wenzangu, nikaingia na vikaratasi vyangu. Sitaki mnipe sifa nisizostahili: sikuwa namuokoa mtu. Ilikuwa Ijumaa, watu wameshashiba, na bakuli lilikuwa tupu.

"Leo tunampa namba bwana arusi," nilisema.

"We Zuwena!" Mama aling'aka. "Mtu anapewa namba kama mchuzi?"

Lakini Babu alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Lete, lete. Tumalize kwa furaha."

Wakaandika. Nikafungua. Tisa ya Babu. Nane ya Baba. Kumi ya Bibi, yenye mstari chini. Cha nne nilikuwa nimeshakijumlisha kichwani kabla ya kukifungua, nikapata thelathini na tano.

Ilikuwa mbili.

Nilisikia feni juu na maji ya falaji, mfereji wa mashambani, nje. Bibi ndiye aliyeanza. "Mtoto kakosea. Futa hiyo, andika nyengine."

"Hawafuti, Bibi," nilisema. "Yule wa kofia alitoa nne na hawakumfuta."

Babu alikichukua kile kikaratasi, akakiweka kwenye goti lake. "Na huyo wa kofia, anasema kwa nini?"

"Maneno yake yapo chini ya namba, Babu. Ila mimi siwezi kuyasoma."

Babu akamgeukia binti yake. "Hata mimi ya kwako siwezi kuyasoma, Rahma. Nisomee."

Shangazi akasema, bado anatazama mkeka, "Sina neno baya juu yake, Baba. Lakini nataka kwenda Nizwa."

"Ishirini na tisa juu ya arubaini si haba!" Bibi alisema.

"Si haba," alijibu Babu. "Lakini huyu wa mbili ndiye anayekwenda kukaa naye."

Jioni ile ile alipiga simu kuomba radhi. Bibi alininunia wiki nzima, "wewe na Wajapani wako", na hakupiga kura tena mpaka Ramadhani. Lakini magazeti ni yeye aliyeyatia kashani mwake, na hakuna aliyemuomba.

Mwezi uliopita, nilipoyatoa, niliuelekezea simu yangu ukurasa ule, itafsiri. Miaka yote nilidhani wa kofia aliuchukia ule mchezo. Tafsiri ilikuja imevunjikavunjika, lakini nilielewa: mikono yake haikuweza kwenda na kasi ile, akapotea njiani, muziki wa mchezo, hata hivyo, angependa kuusikia tena. Basi, ni hilo tu. Nikaanza kuziwaza nane zote zile za Shangazi. Nilidhani hana ulimi wa kuonja. Kumbe alikuwa anaonja kila kitu, na nane ilikuwa mahali pa kujificha, panapomtosha mtu asiyewahi kuulizwa.

Shangazi Rahma ni mwalimu Nizwa sasa. Wiki iliyopita nilikwenda kwake, nikampikia mchuzi wa papa, nikamsogezea kikaratasi kwa mzaha. Alitafuna polepole, kama babu yangu. Akaandika sita.

Nilifurahi siku nzima.