Awor na Wimbo wa Mtoni

Usiku kucha redio ilirudia amri ileile: kwa agizo la Rais, waumini wa Kanisa la Maji Hai hawaruhusiwi tena kuingia Uganda kutoka Kenya, hata aliyezaliwa hapa. Bunge halikuulizwa. Binti yangu Awor alikuwa ng'ambo, Kenya, kwenye maombi. Nilikaa mlangoni hapa Buhehe, upande wa Uganda, mwanawe amelala mapajani mwangu, nikisikiliza kila mbwa aliyebweka.

Awor anauza dagaa sokoni Busia tangu mumewe amwache. Mteja akimbishia bei sana, humwambia, "Shemeji, hata samaki anakucheka." Kanisani ndiye mpiga ngoma. Watu wa kanisa lake hawavuki maji kimya. Hata kijito cha kuruka, lazima waimbe kwanza, wamevaa kanzu zao nyeupe. Mimi ni Mkatoliki; nilizoea tu.

Kulipopambazuka aliingia Emmy, mwenzake wa kanisani, sikio limechanika, damu mpaka kifuani.

"Tulipita njia ya panya, Mama. Tulifika mto Sio, mpakani, askari hawakutuona kabisa."

"Mkaimba?"

"Tungevukaje bila kuimba?"

Askari walisikia. Waliwapiga kwa vitako vya bunduki wakiwa bado majini. Mzee mmoja alizama, kanzu imemfunika uso. Awor alirudi kumvuta, ngoma mgongoni. Wakamvunja taya, wakamburuta kwa nywele hadi kambini.

Nilimwachia Emmy mtoto, nikakimbia. Nyuma ya kambi kuna chumba cha mabati. Ndani fimbo ilikuwa ikitua, na mwanamume akiomba maji. Askari wa zamu alisimama mlangoni; nikamwita kwa unyenyekevu.

"Afande, baba yangu, binti yangu si wa kanisa hilo. Ni Mkatoliki kama mimi."

Akacheka. "Na kanzu aliazima?"

"Aliazima."

Akaupiga mlango teke. "Wewe wa ngoma! Mama yako anasema wewe ni Mkatoliki. Sema ndiyo, uende nyumbani."

Nikabandika mdomo kwenye mabati. "Sema tu, Awor. Mtoto anakulilia. Mungu ataelewa."

Sauti yake ilitoka nzito, kama ya mtu mwenye chakula kinywani.

"Mama, usiwadanganye."

Afande akavuta kufuli kuona kama limekaza, akaniambia nisogee. Sikusogea. Niliupiga ule mlango kwa viganja mpaka mabati yakanichana, na damu yangu ikatiririka hadi chini. Mlango haukufunguka.