Shingo Iliyovunjika Kwenye Korido

Wapendwa, naitwa Kwamboka, nimekulia hapa DeSoto, mji ulio mwendo wa saa nne hivi kwa gari kutoka Houston. Mama ni nesi, Baba anafanya kazi kwenye ghala. Nikiwa shule ya upili nilijiunga na cheerleading, kikundi cha kushangilia timu kwa sarakasi na kurushana juu, na kwa kuwa nilikuwa mwepesi, mimi ndiye niliyerushwa juu. Nilipenda sana.

Baba hakupenda. Alisema mchezo una mpira na mabao, sisi kazi yetu ni kuwapigia wengine makofi. Shule nayo iliona hivyo hivyo. Ukumbi wa mazoezi ulikuwa wa timu ya mpira wa kikapu, na tabibu wao alikaa humo. Sisi tulipewa korido ya kantini, sakafu ngumu na mikeka miwili myembamba.

Jumanne moja walinirusha, mwenzangu mmoja akateleza, nikaangukia kisogo nje ya mkeka. Shingo ikalia kama kijiti kikavu. Kocha wetu akaniambia nipumzike ninywe maji. Nikanywa, nikarudi mstarini. Nyumbani sikusema, maana Baba angenitoa kwenye timu.

Nililala nimeketi. Vidole vikafa ganzi, nikawa naangusha vijiko. Ijumaa asubuhi nilitaka kushuka kitandani, miguu ikakataa. Nilikuwa nimejikojolea bila kuhisi. Nikamwita Mama. Akafunua blanketi, akainamia nyayo zangu. Nilipomuuliza anangoja nini, kwa nini hanigusi, aliketi sakafuni. Alikuwa ameshanigusa mara mbili.

Nilifanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo. Daktari alisema, “Mfupa tumeufunga kwa skrubu. Kuhusu miguu, siwezi kukuahidi.”

Nikapelekwa Houston, kwenye hospitali ya mazoezi ya viungo. Mama akawa analala kwa shangazi yangu, Sugar Land, mji wa jirani. Huko ndiko nilikokata tamaa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, navaa nepi. Walinigeuza kila baada ya saa mbili, na bado kidonda kilichimba juu ya makalio hadi nikawa nasikia harufu ya nyama yangu mwenyewe. Nilimwambia Mama aniache nife. Nikafunga mdomo, sikula siku mbili.

Baba akaja kutoka DeSoto. Karani aliyekuwa akijaza fomu akamuuliza kama niliumia michezoni au nikijifurahisha tu. Baba akaweka kidole kwenye fomu.

“Michezoni,” akasema. “Andika hivyo.”

Kisha akanigeukia. “Mwanangu, mimi ndiye niliyekufanya ufiche kwamba umeumia.”

Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Alichukua bakuli la uji, akaninyooshea kijiko, nami nikafungua mdomo.

Wiki kadhaa baadaye kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza. Kujifunza kusimama kulinichukua miezi, na nilitapika kwa maumivu. Leo natembea kwa mkongojo. Mkono wa kushoto hautambui moto wala baridi. Nimeshajichoma jikoni mara mbili. Sitarushwa tena.

Namshukuru Mungu, na wauguzi walionigeuza bila kunionyesha kinyaa. Wazazi, kama ni mchezo au si mchezo, bishaneni mkitaka, lakini kwanza nendeni mkaone watoto wenu wanafanyia mazoezi wapi, na nani yupo wa kuwatazama wakianguka. Na wewe binti unayeumwa shingo ukaogopa kutolewa kwenye timu, mwambie mtu leo. Mimi nilinyamaza siku tatu tu.